Parokia Yako Si Pale Unapopenda Kusali

Msimu wa ndoa ukikaribia, dirisha la ofisi yetu ya parokia husikia maneno yaleyale: "Mimi ni wa hapa, nasali hapa miaka yote." Ukimuuliza jumuiya yake ndogondogo, yaani kikundi cha waamini majirani wa mtaani kwake, anababaika. Ukimuuliza anakaa wapi, anataja mtaa wa parokia nyingine kabisa, pengine hata dekania (kundi la parokia jirani) nyingine.

Kusali popote ni halali. Kwa kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa Katoliki, ukishiriki Misa katika kanisa lolote Katoliki, Jumapili yenyewe au jioni ya kuamkia, umetimiza amri ya kusali Jumapili. Kwaya ya jirani inakukosha? Nenda, ila wahi, viti hujaa. Lakini kwaya haikuhamishi parokia. Kanuni ya 515 inaitambua parokia kuwa jumuiya ya kudumu ya waamini ndani ya jimbo, aliyokabidhiwa paroko, yaani padre anayeiongoza, chini ya askofu. Ya 518 inasema kwa kawaida ina mipaka, na waamini wote walio ndani ya mipaka hiyo ni wake. Wote, hata yule anayeonekana Pasaka na Noeli tu. Jengo halikutajwa hapo, japo tunalichangia kila mwaka.

Uanaparokia unatokana na makazi. Ukihamia kwa nia ya kukaa moja kwa moja, au ukitimiza miaka 5, hayo ni makao yako. Kwa nia ya kukaa miezi 3, au ukiitimiza, unayo makao ya muda. Lolote kati ya hayo linakupatia paroko, bila fomu wala bahasha ya zaka. Dada wa kazi aliyetimiza mwezi wa tatu kwa bosi wake ana paroko pale, hata kama jumuiya haijawahi kusikia jina lake. Na katika ile Misa ambayo paroko anawajibika kuwaombea watu wake kila Jumapili na sikukuu za amri, huyo dada yumo.

Sasa vitabu, maana hapa ndipo watu wanaponichosha. Maisha yako ya kisakramenti yanatunzwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia ulikobatizwa. Hayahami nawe. Ukipata kipaimara Mbeya na kufunga ndoa Dar es Salaam, taarifa zinatakiwa kurudi Songea ulikobatizwa, ziandikwe pembeni mwa jina lako. Ndiyo sababu kwa ndoa tunadai cheti kipya cha ubatizo, kisichozidi miezi 6, siyo kile cha utotoni kilichowekwa plastiki. Cha zamani kinaonyesha tu kwamba ulibatizwa. Kipya kinaonyesha kama tayari una ndoa.

Kinachoharibika ni hiki: parokia iliyofungisha ndoa haitumi taarifa, au inatuma na kule hakuna anayeiandika. Pembeni panabaki peupe, na mtu mwenye ndoa anaonekana kapera. Matangazo ya ndoa ya Jumapili tatu huwanasa baadhi. Wengine wanapita.

Ukitafuta cheti, njoo na jina ulilobatizwa nalo (siyo la kitambulisho cha NIDA), majina ya wazazi, mwaka na kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia). Namba ya LB, yaani namba yako katika kitabu cha ubatizo, ukiwa nayo, kazi ni ya dakika chache. Usipokuwa nayo, tutafunua kurasa moja moja. Na kama kigango chenu kimekuwa parokia baada ya wewe kubatizwa, kwa kawaida jina lako limebaki kwenye kitabu cha parokia mama. Usigombane na katibu wa parokia mpya, hana alichokuficha.

Kuhusu barua ya jumuiya, ile ambayo mwenyekiti wa jumuiya humtambulishia mwamini parokiani, nina wasiwasi wangu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele miaka ya 1970, walitaka Kanisa liishi mtaani, majirani wajuane. Barua ya mwenyekiti ni njia nzuri ya kujua nani ni nani. Lakini mlinzi wa zamu ya usiku na mama wa genge watahudhuria saa ngapi, kama jumuiya hukutana Jumamosi asubuhi? Tunawaita walegevu. Mipaka ilichorwa kwa ajili ya watu wanaolala na kufanya kazi mahali pamoja, na mjini hao ni wachache. Sijaona jibu linaloniridhisha.

Jambo moja halina utata: mazishi. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, waliochagua kuchomwa kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa dhahiri ambao mazishi yao yangeleta kashfa. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kadi ya zaka haimo. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kwa hiyo mwenyekiti akigoma kuandika barua, wafiwa wasikae kubembeleza kwake, waende moja kwa moja kwa paroko. Naye akiwa na shaka, sheria inamtaka aulize jimboni.