Shahada mbili za historia, New York na London: yanayosemwa na ilivyo

Mwaka wa kwanza unasoma Columbia, New York. Wa pili unauhamishia London School of Economics (LSE). Ukimaliza una MA ya kule na MSc ya huku, zote za historia ya kimataifa na ya dunia. Nikieleza hivyo nyumbani, swali la kwanza halibadiliki: "Sasa hiyo MSc ni historia au sayansi?"

Ni historia. LSE huziita MSc kozi zake nyingi za uzamili, na historia imo humo humo. Hakuna maabara wala koti jeupe. Ila jiandae kulieleza hilo mbele ya mwajiri, na cheti ukipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama cheti kingine chochote cha nje.

Wengine hudhani unasoma kitu kile kile mara mbili ili upewe karatasi mbili. Sivyo. Semina ni tofauti, walimu ni tofauti, na tasnifu ni moja: unaanza kuihangaikia New York, unaikabidhi London. Ndiyo maana swali lako la utafiti lazima liwe na sababu ya kuwa katika miji yote miwili. Anayefuata cheti tu hukwama hapa, na nimewaona.

Hapo ndipo inapoanguka dhana kubwa kuliko zote, kwamba historia ya kimataifa ni habari za mabalozi na mikataba ya Ulaya, sisi wa huku tukiwa watazamaji. Chukua Engare Nanyuki, upande wa Meru, Tanganyika. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa. Tanganyika ingekuwa koloni la kawaida kama Kenya, malalamiko yangeishia kwa gavana, au yakienda mbali sana, London. Lakini ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mtu wa nchi ya udhamini alikuwa na haki ya kumshitaki mdhamini wake, yaani Uingereza, huko New York. Wameru wakachanga. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kuwasemea, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Ardhi haikurudi kwa safari ile. Njia lakini ilishajulikana, na Machi 1955 Nyerere naye alikwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, safari hii kwa niaba ya TANU.

Sasa angalia karatasi zenyewe. New York kuna maombi ya Wameru na kumbukumbu za vikao, yaani maneno ambayo Uingereza ilikubali dunia iyasikie. Kew, nje kidogo ya katikati ya London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kuna mafaili ya Wizara ya Makoloni, namba CO 691 na CO 822. Aliyewahi kufanya kazi masijala ya serikali atayatambua mara moja: dokezo la ofisa mdogo, chini yake dokezo la mkubwa wake, kisha saini ya mkubwa zaidi. Hayo waliandikiana wao kwa wao. Ukisoma upande mmoja tu, umesikia shahidi mmoja.

"Basi kila kitu kiko Uingereza." Nacho si kweli. Mafaili ya enzi ya Mjerumani yapo Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, na mengine Berlin. Na hata kilichoko Uingereza hakikuwa wazi chote. Wazee wa Kenya walipoishitaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, ndipo mwaka 2011 serikali ilipokiri kuwa ina shehena ya mafaili ya makoloni huko Hanslope Park, yaliyoondolewa wakati wa uhuru na kutowekwa wazi kwa umma. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mafaili yale sasa yanasomwa Kew, namba FCO 141, na ya Tanganyika yamo. Mengine yalichomwa makusudi kabla bendera hazijashushwa, hayo hayatasomwa na mtu.

Kiswahili nacho hudharauliwa bure. Watu hudhani bila Kifaransa huendi popote. Kutoka LSE unatembea tu kwa miguu hadi SOAS, chuo kingine cha London kinachofundisha mambo ya Afrika na Asia, na humo kuna miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wangapi darasani wanaweza hata kuianza? Bibi yako wa Lamu au Pangani anaweza kuwa mwalimu wako bora kuliko kozi ya kiangazi.

Fedha, kwa ufupi: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, kwa hiyo usiiwekee matumaini kwa kozi ya miaka miwili. Viza ni mbili, na ya Uingereza ina ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, unailipa kabla hujaondoka. Mwenye mfuko mwembamba aangalie Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Kuna shahada ya Global Studies inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, unasoma nchi mbili za Ulaya, na anayepata ufadhili hulipwa yuro 1,400 kwa mwezi.

Na yule anayeniambia siku hizi yote yamo kwenye intaneti: orodha ndiyo iko mtandaoni, mafaili mengi hayamo. Unakwenda Kew mwenyewe. Kadi ya msomaji ni bure. Begi unalifungia kabatini, unaingia na mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo, faili unalikuta kwenye kisanduku chenye namba ya kiti chako. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Siku yangu ya kwanza nilikuwa na tatu, na penseli hata moja sina.