Usugu si mazoea: mbu, neti na neno linalotupoteza

Shangazi yangu wa Muheza ana kauli yake kuhusu neti. "Mwanangu, mbu hawa washazoea. Zamani akigusa tu, chini. Siku hizi anatua, anatembea, anajipangusa miguu kama yuko barazani kwao." Huwa anayasema haya huku anapanga machungwa kwenye tenga, na kila anayepita anaitikia. Redioni nako wanasema mbu wamejenga usugu dhidi ya viuatilifu. Shangazi na redio wanaongelea jambo moja, ila neno lenyewe, usugu, lina mtego, na wengi wetu tumenasa humo.

Sugu, kwa mtu wa Tanga, ni kitu cha kushika. Ni ile ngozi ngumu ya kiganjani mwa mkata mkonge. Wiki ya kwanza kiganja kinatoka malengelenge, yanapasuka, yanauma hata kushika sahani ya wali. Miezi ikipita pale pale panakuwa pagumu, na kisu hakimsumbui tena. Ni mtu yule yule na mkono ule ule, umebadilika kwa kusuguliwa. Lakini mtoto wake anazaliwa na kiganja laini sawa na cha mtoto wa karani. Sugu ya mkono hairithiwi.

Ya mbu haiko hivyo hata kidogo. Mbu asiye na kinga akigusa dawa anakufa, hapati siku ya pili ya kuzoea. Anayepona alikuja duniani tayari na hitilafu ndogo kwenye vinasaba vyake, hitilafu ambayo bila dawa isingekuwa na faida yoyote ya kutajwa. Tuseme kijijini kuna mbu elfu moja, na kati yao watano tu ndio wana hitilafu hiyo. Neti zikigawiwa, wengi wa wale 995 watakufa mapema. Watano wanabaki na madimbwi yote ni yao. Jike mmoja hutaga mayai kuanzia hamsini hadi mia mbili kwa mkupuo, na kwenye joto la pwani yai huwa mbu kamili kwa siku kumi hivi au zaidi kidogo. Msimu wa mvua mmoja unatosha vizazi kadhaa. Baada ya miaka michache unakuta kijiji kile kile kimejaa mbu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyezoea chochote. Ni ukoo mwingine uliorithi nyumba.

Kwa hiyo usugu, kwa maana ya kisayansi, ni uwezo unaorithiwa wa wadudu kuvumilia kipimo cha dawa ambacho zamani kiliua karibu wote wa aina yao. Hausemwi kwa mbu mmoja. Unasemwa kwa kundi.

Dawa nyingi za neti ni za jamii ya pairethroidi, viwandani zimeigwa kutoka kwenye sumu ya ua la pareto. Zinashambulia mishipa ya fahamu: kuna vijimilango vinavyofunguka na kufunga ili taarifa ipite, na dawa inavizuia visifunge. Mbu anatetemeka, anaanguka. Mbu sugu wa aina ya kwanza ana mlango wenye umbo tofauti kidogo, dawa haikai. Wa aina ya pili mlango wake ni wa kawaida, ila mwilini ana vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijafika. Wapo pia wenye ganda nene zaidi, dawa inapenya polepole. Mbu mmoja anaweza kuwa na yote matatu. Shikilia hao wenye vimeng'enya, nitawarudia.

Usugu unapimwaje? Kipimo cha haraka ni cha maabara. Majike wachanga ambao hawajanyonya damu, ishirini na kitu, wanaingizwa kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa kipimo maalumu. Saa moja. Kisha wanahamishiwa mrija safi, wanapewa pamba yenye maji ya sukari, na kesho yake wanahesabiwa. Shirika la Afya Duniani linasema wakifa chini ya 90 kwa kila 100, usugu umethibitika. Wakifa 98 au zaidi, dawa bado ina nguvu.

Lakini karatasi si neti, na mrija si chumba cha kulala. Ndiyo maana kuna vibanda. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kituo cha Amani, ambacho makao yake ni Muheza, wana vibanda vya majaribio huko Zeneti, na ukiviona unaweza kudhani ni vyumba vya kupangisha ambavyo fundi alikimbia kabla ya kumaliza. Kila kibanda kimezungukwa na mfereji mdogo wa maji. Wageni wengi hudhani ni wa mvua. Ni wa sisimizi: bila huo mfereji wangeingia usiku na kubeba mbu waliokufa, na asubuhi hesabu ingekuwa uongo mtupu.

Ndani kuna kitanda na neti, na neti hiyo imetobolewa makusudi, matundu sita, kila moja sentimita nne kwa nne, mawili kila upande mrefu na moja moja kwenye ncha. Neti ya nyumbani haikai nzima, kwa hiyo wanapima neti kama itakavyokuwa. Nyingine hufuliwa mara ishirini kabla ya kuletwa. Mtu aliyejitolea analala humo kutoka magharibi hadi alfajiri, na usiku unaofuata anahamia kibanda kingine, kwa sababu kuna watu mbu wanawapenda na wengine hawawataki, na usipowazungusha utaisifu neti kumbe ni harufu ya mlalaji. Asubuhi mbu wanaokotwa mmoja mmoja kwa mrija wa kufyonzea: aliyekufa, aliye hai, aliyeshiba damu, aliyekosa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo mimi huiangalia kwanza. Mbu aliye hai lakini mwenye njaa maana yake nyuzi bado zinafanya kazi. Aliye hai na tumbo jekundu ni habari nyingine.

Nimesema nyuzi kwa sababu neti ya leo yenyewe ni utaalamu wa malighafi. Wazee wanakumbuka kuloweka neti kwenye beseni la dawa na kuianika kivulini, na baada ya kuifua mara chache kazi inaanza upya. Siku hizi kuna neti za poliethilini, aina ya plastiki, ambazo dawa imechanganywa ndani ya uzi wakati wa kuutengeneza. Ya juu ikifuliwa, ya ndani inapanda taratibu kuja kwenye uso. Kiwanda kimoja cha Arusha kilianza kuzishona miaka ya mwanzo ya 2000.

Kabla ya kuilaumu neti, mwangalie kwanza mbu. Tanga mjini, anayekulilia sikioni saa tano usiku mara nyingi ni Kuleksi, mbu wa mitaro na mashimo ya vyoo, ambaye amezivumilia dawa nyingi tangu zamani. Yeye haambukizi malaria, ingawa pwani yetu tunamjua kwa matende na mabusha. Akitua, mwili wake unalala sambamba na ukuta. Anofelesi, wa malaria, anainua kiuno juu kama mtu aliyeinama kuokota kitu. Watu wengi huipima neti kwa huyo wa kwanza.

Neno hili hili tunalitumia pia kwa vimelea, na huko kosa ni lile lile. "Mwili wangu umeizoea klorokwini," walikuwa wakisema. Mwili haukuwa umezoea. Vimelea vya malaria ndivyo vilivyokuwa sugu, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha dawa hiyo kama tiba ya kwanza.

Sasa wale wa vimeng'enya. Huko Misungwi, mkoani Mwanza, vijiji 72 vilishiriki katika jaribio la kulinganisha aina nne za neti. Waliopimwa malaria ni watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka 14. Baada ya miaka miwili, kwenye maeneo ya neti za pairethroidi pekee, watoto karibu 46 kwa kila 100 walikuwa na vimelea. Kwenye maeneo ya neti zilizoongezwa dawa ya pili iitwayo klofenapiri, walikuwa karibu 26. Matokeo yalitoka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza neti hizo.

Kinachonifurahisha ni namna inavyoua. Klofenapiri ikiingia mwilini mwa mbu bado haijakamilika kuwa sumu. Inasubiri vimeng'enya, na vinavyoikamilisha ni vya jamii ile ile inayoivunja pairethroidi. Silaha ya mbu sugu ndiyo inayomgeuka. Haigusi mishipa ya fahamu, inazima uzalishaji wa nguvu ndani ya chembe, kwa hiyo hakuna kutetemeka wala kuanguka papo hapo. Kwa neti hizi watafiti wamelazimika kuwaweka mbu kwenye vikombe saa 72, si 24, la sivyo wangeandika "hai" kwa mbu ambaye keshakufa anatembea.

Nilipokwenda mara ya mwisho niliigeuza neti ya shangazi nikasoma lebo. Majina mawili ya dawa, la pili ndilo hilo. Nikamweleza: yule unayemwona anatembea hapa, pengine hamalizi siku tatu.

"Afie wapi sasa?"

"Huko huko kwao, shangazi."

Akafikiri kidogo, akaokota chungwa lililobonyea, akalitupa kando. "Basi hewala. Ila hili tundu la pembeni utanishonea kabla hujaondoka."