Haki katika Katiba ya Jimbo: Kunakili Katiba ya Shirikisho Hakutoshi

Kila mjadala wa kubadili katiba ya jimbo unapoanza huko Marekani, dawati letu la elimu ya katiba hupokea pendekezo lile lile: zichukueni haki zilizomo katika katiba ya shirikisho, zinakilini, kazi imekwisha. Tumelijibu mara nyingi, na tunalijibu tena kwa sababu lina madhara.

Kwanza, majimbo ndiyo yaliyotangulia. Virginia ilipitisha tamko lake la haki Juni 1776. Haki za shirikisho zilianza kutumika Desemba 1791. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa haki hizo za shirikisho haziyafungi majimbo. Hali ilianza kubadilika baada ya Marekebisho ya 14 ya katiba ya shirikisho ya mwaka 1868, yanayolikataza jimbo kumnyima mtu haki bila kufuata sheria, na hata hapo mahakama haikuyafunga majimbo kwa haki hizo zote kwa mkupuo, bali kwa moja baada ya nyingine.

Leo jimbo haliwezi kumpa mtu ulinzi ulio chini ya ule wa shirikisho, lakini linaweza kumwongezea. Hapo ndipo rasimu inapopata maana. Montana iliandika katika katiba yake ya 1972 haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, haki ambayo katiba ya shirikisho haiitaji popote. Vijana 16 waliitegemea mahakamani, wakashinda mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Montana ikauthibitisha ushindi huo Desemba 2024. Ibara ya kunakili isingewafikisha huko.

Ibara inayosema tu kwamba haki fulani "inathaminiwa" haimsaidii mtu. Mnaoandika rasimu, semeni ni nani anayefungwa nayo, nani anaweza kufungua shauri, na serikali ikitaka kuibana haki hiyo ithibitishe nini mbele ya jaji. Majaji nao wana wajibu: tangu 1983, hukumu ya jimbo isiyoonyesha wazi kuwa imesimama juu ya katiba ya jimbo inaweza kupitiwa na Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kuhusu utaratibu, msidhani majimbo yote yanafanana. California, wananchi wanaotaka kurekebisha katiba hukusanya saini sawa na asilimia 8 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana. Kwa sheria ya kawaida ni asilimia 5. Pendekezo lazima lihusu jambo moja, na linalochanganya mawili mahakama inaweza kuliondoa kwenye karatasi ya kura, hata kama saini zilitimia. Saini ya asiyekuwa mpigakura aliyeandikishwa haihesabiwi. Kughushi saini ni kosa la jinai. Florida, marekebisho hayapiti bila angalau asilimia 60 ya kura za wananchi. Delaware peke yake haiwapelekei wananchi kura ya marekebisho: bunge lake huyapitisha kwa theluthi mbili, kisha bunge linalochaguliwa baadaye huyapitisha tena kwa kiwango hicho hicho.