RSS haijafa: yanayosemwa kuhusu visoma milisho, na ukweli wake

"RSS ilikufa na Google Reader." Kilichofungwa Julai 1, 2013 ni kisoma milisho cha kampuni moja. RSS yenyewe, iliyoanzia Netscape mwaka 1999, haina mwenyewe. Ni faili, yaani mlisho, ambalo tovuti hulisasisha kila inapochapisha: kichwa cha habari, tarehe, kiungo, mara nyingi na makala nzima. Programu yako, yaani kisoma milisho, hulipitia na kuchukua kilicho kipya. Podikasti nazo husambazwa hivyohivyo.

"Ni mambo ya mafundi wa kompyuta." Chukua Feeder, programu huria ya Android. Haikudai akaunti wala namba ya simu. Unaweka anwani ya tovuti, inautafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, na blogu iko Blogspot kama zilivyo blogu nyingi za Tanzania, ongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani. Kwa WordPress, ongeza /feed/. Wa iPhone wana NetNewsWire, nayo huria.

"Itanimalizia bando." Hii ndiyo iliyo mbali kabisa na ukweli. Mlisho ni maandishi. Hauji na video zinazojicheza wala madirisha ya matangazo yanayokurukia usoni. Kizito ni picha, na Feeder unaweza kuiagiza ipakue picha kwenye Wi-Fi tu, hata kusasisha kwenye Wi-Fi tu. Unasasisha ukiwa chuoni, unasoma kwenye daladala data ikiwa imezimwa. Ila kuna tovuti zinazotoa aya ya kwanza pekee, na hizo itabidi uzifungue zenyewe.

"Cha bure lazima kinauza taarifa zangu." Wasiwasi huo una msingi, maana huduma nyingi za bure huishi kwa kutufuatilia. Lakini programu huria msimbo wake uko wazi, yeyote anayeujua anaukagua. Kwa Feeder, orodha ya unachosoma inakaa kwenye simu yako, na simu inakwenda moja kwa moja kwa kila tovuti bila kupitia kwa dalali. Siku ukiichoka, unaitoa orodha nzima kama faili la OPML na kuhamia programu nyingine.

"Nimeshalike kurasa zao Facebook, inatosha." Haitoshi. Facebook ndiyo inayoamua uone nini, na ukurasa unaoupenda unaweza kuandika mwezi mzima usiletewe hata kimoja. Kisoma milisho hakikuchagulii: kilichochapishwa kinakuja, kwa mpangilio wa tarehe, cha gazeti kubwa na cha mwanablogu wa Kigoma sawasawa. Kwangu mimi hii pekee ni sababu ya kutosha kuwa nacho.

Angalizo moja tu. Mlisho hubeba machapisho ya karibuni. WordPress isipobadilishwa hutoa 10. Kwa hiyo mlisho wa tovuti inayochapisha mfululizo usasishe kwenye programu yako kila siku, la sivyo za katikati zitakupita.