Makaa ya mawe machanga yakipashwa moto: nini hutoka, na kwa nini hayagandi

Wengi wanaotengeneza mkaa mbadala huku Mbeya na Songwe huchukulia kwamba kupasha makaa ya mawe ni kuyakausha tu. Maji hutoka kwanza, kweli, lakini baada ya hapo makaa yenyewe huanza kuvunjika.

Makaa ya Kiwira na Mchuchuma ni ya enzi ya Karoo, yana zaidi ya miaka milioni 250, na yamekomaa kuliko linyiti (makaa machanga) ya Ujerumani au ya bonde la Latrobe, Australia, ambako maji hufikia asilimia 60 ya uzito. Tofauti kubwa iko kwenye oksijeni. Ukitoa maji na majivu kwenye hesabu, linyiti hubaki na oksijeni asilimia 20 hadi 30. Makaa yaliyokomaa vizuri hayafiki 10.

Hadi nyuzi 110 za Selsiasi hutoka maji. Yale ya kwenye nafasi wazi hutoka upesi, lakini yaliyong'ang'ania makundi ya kaboksili na fenoli (sehemu za molekuli za makaa zenye oksijeni) hutoka kwa shida. Ukipima unyevu kwenye hewa ya kawaida, makaa machanga hunyonya oksijeni na kuongezeka uzito wakati maji yanapungua, hivyo jibu huja dogo kuliko ukweli. Pitisha nitrojeni kwenye tanuri, nyuzi 105 hadi 110, mpaka uzito usibadilike. (Ukijaribu kipimajoto chako kwa maji yanayochemka hapa Mbeya mjini, kikisoma 94 usikitupe. Katika mwinuko wa mita 1,700 maji huchemkia hapo.)

Kati ya nyuzi 200 na 400 ndipo penye siri. Makundi ya kaboksili hukatika na kutoa kabonidayoksaidi. Fenoli nazo huungana na kuachia maji. Molekuli zilizopoteza makundi hayo hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vipya, wavu ukakaza mapema. Makaa yaliyokomaa hulainika kuanzia kama nyuzi 350, huvimba, kisha huganda kuwa bonge gumu. Machanga hayapati nafasi ya kulainika: ukiweka unga, utatoa unga. Kwa hiyo usitegemee moto uyashikamanishe. Tia uji wa muhogo au molasi.

Lami, yaani mafuta mazito ya makaa, hutoka kwa wingi kati ya nyuzi 400 na 550. Ukipasha haraka unapata lami nyingi. Ukipasha polepole, sehemu yake hurudi kushikamana na makaa. Kalsiamu na sodiamu zilizofungwa kwenye kaboksili hupunguza lami pia, ila hufanya mkaa unaobaki uwake kwa wepesi. Juu ya 600 zinabaki kutoka kabonimonoksaidi, methani na haidrojeni.

Kipimo cha gesi tete (vyote vinavyotoka makaa yakipashwa, ukiacha unyevu) ni gramu 1 ya unga uliopita chekecheke ya milimita 0.2, kwenye kikombe chenye kifuniko, nyuzi 900, dakika 7. Toa unyevu kwenye uzito uliopotea. Makaa machanga yakiingizwa ghafla hurusha cheche na chembe nje ya kikombe, na chembe hizo utazihesabu kama gesi. Shindilia unga uwe kidonge kabla ya kuuchoma. Ukiona cheche, tupa jibu hilo urudie.

Kwa anayechoma mkaa usio na moshi, moshi mzito wa njano ni lami, na ukikoma tanuri imefanya kazi yake. Funga matundu yote, mkaa upoe bila hewa. Ukifungua ungali moto utawaka wenyewe, na hata ukipoa uutandaze tabaka jembamba kwa siku kadhaa kabla ya kuujaza magunia. Usiumwagie maji ungali mwekundu: mvuke ukikutana na kaboni hutoa kabonimonoksaidi na haidrojeni, na zote mbili hulipuka.

Moshi ukiisha, kabonimonoksaidi haijaisha. Ni gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mkaa safi huitoa kila hewa inapokuwa haba. Baridi ya Juni na Julai inapobana, jiko la mkaa huu libaki nje ya chumba cha kulala.