UTI haitoki kwenye choo cha watu wengi

Mtu akiugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, lawama huenda kwa choo: cha shule, cha stendi, cha ofisini. Wasichana wengi hubana mkojo kutwa nzima kwa hofu hiyo, na inasikitisha, maana kukojoa ndiko kunakosafisha njia.

UTI nyingi husababishwa na bakteria E. coli, ambaye kwa kawaida hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Kutoka njia ya haja kubwa husogea hadi kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu.

Kufika si kazi. Kazi ni kubaki, kwani mkojo humsomba bakteria huyo. Mwilini ana vinyweleo vyembamba sana, na kwenye ncha zake kuna protini iitwayo FimH, inayoshika sukari aina ya manosi iliyo juu ya seli za kibofu. La ajabu ni kwamba mkojo ukimvuta kwa nguvu, FimH hukaza zaidi, kama ndoana. Mkondo ukitulia, hulegea.

Bakteria wengine huingia ndani ya seli hizo na kujificha. Hiyo ni sababu mojawapo ya UTI kurudi hata baada ya dozi kumalizika.