Kufikika, kufikishwa na ufikivu

Wiki iliyopita nimelisikia tena neno "kufikika", mara hii kwa simu. Nilikuwa namtafutia shangazi yangu mahali pa kunywa chai kwa mahamri na mbaazi huko Mji wa Kale, Mombasa, nikauliza kama kiti chake cha magurudumu kitaingia. "Ondoa shaka, sisi tunafikika," nikajibiwa. Kwenda, vidato vitatu, na juu yake vijana wawili wamekunja mikono ya mashati tayari kumbeba.

Maana yenyewe haina marefu. Ufikivu ni mahali kuwa pamejengwa au kupangwa hata mtu mwenye ulemavu akaingia, akakaa mezani, akala, akaenda msalani na akatoka, wakati autakao, bila kuomba abebwe. Kiti cha magurudumu, ambacho jirani zetu wa Tanzania hukiita kiti mwendo, ni sehemu moja tu ya habari hiyo. Asiyeona na asiyesikia nao wana yao. Leo tubaki na kiti.

Kinachonikera ni kitenzi. Shina ni fika, na kutoka hapo watu hujichukulia watakavyo. Fikika ni kauli ya kutendeka: Lamu inafikika, kilele cha Kilimanjaro kinafikika. Neno halisemi nani anafika, wala kwa jasho la nani. Kwa hivyo yule wa simu, kisarufi, hakunidanganya. Fikishwa nayo ni habari nyingine. Mzigo hufikishwa ghalani. Maiti hufikishwa makaburini. Mshukiwa hufikishwa mahakamani. Hakuna kati ya hao anayeulizwa apitishwe wapi.

Sasa tazama ufikivu. Umbo hili la -vu tunalijua kwa msikivu, mtulivu, mvumilivu, na sifa humkaa mtendaji: usikivu ni wa anayesikiliza, si wa redio. Kwa mizani hiyo ufikivu ungekuwa wa mgeni anayefika, si wa jengo. Najua matumizi yameshaliweka kwenye majengo na hata kwenye simu za mkononi, na siligombi. Ila nalipenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba ukilichungulia ndani unamkuta mtu anayekwenda mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unapozungumzia jambo hili katika kifungu cha 9 huanza na kuishi kwa kujitegemea. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inalitaja kuwa haki. Ukarimu ni jambo zuri, nasi Waswahili tunao wa kugawa, lakini haki haingoji vijana wawili wawe zamu.

Shangazi hakukubali kubebwa. "Ahsanteni wanangu," akawaambia, "mimi si gunia." Tukabaki kando ya baraza hadi akapita muuza kahawa na dele lake, akammiminia kikombe palepale njiani. Kahawa tungu ilimfikia. Yeye hakufika popote.

Nikawa nautazama ule mlango. Ni wa kuchongwa, wa mbao mbili, na kama kawaida ya milango hii umefunguliwa ubao mmoja tu. Viti vingi vina upana wa sentimita 60 na kitu, na uwazi unaoshauriwa ni kama 80. Ubao wa pili ungefunguliwa, kiti kingepita na nafasi ingebaki. Hilo halina gharama. Vidato ndivyo kazi: kipimo kinachotumika sana ni rampu, yaani mteremko wa kupandia badala ya vidato, ya moja kwa kumi na mbili, yaani kidato cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Vitatu vya namna hiyo vingetaka zaidi ya mita tano, na vichochoro vya Mji wa Kale havina mita tano za kuchezea. Mtu wa haki hatamlaumu mwenye nyumba ya zamani kwa hilo.

Kwa hivyo sikuombi uivunje nyumba, ndugu yangu wa mkahawa. Nakuomba jibu lako la simu tu. Ukiulizwa, usiseme "tunafikika". Chukua futi ya fundi cherehani, pima, useme: vidato vitatu, mlango sentimita kadhaa ukifunguliwa wote, choo kiko ghorofani, meza mbili tunaweza kuzitoa nje penye kivuli. Shangazi ataamua mwenyewe kama anakuja.